Ugonjwa Usioletwa na Mtu

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimeamka, nimewasha moto, nimekwenda kwenye tangi la reli. Foleni ya ndoo ndefu, maana gari la mizigo la alfajiri lilikunywa maji mengi. Nimerudi na ndoo moja. Mama mkwe amenikataza kubeba zaidi tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Nimetwanga mtama. Nimefua.

Kuwashwa kumerudi. Wiki iliyopita nilidhani ni joto na jasho, nikanyamaza. Leo nikiwa kinuni ilibidi nisimame, nijifanye napangusa uso, nikabana miguu mpaka kupite. Huko chini kunawaka kama nimepakwa pilipili.

Elia, mume wangu, yuko upande wa Tabora na wenzake. Mvua imeangusha nguzo za simu ya reli na wao ndio mafundi wake. Tangu katikati ya Februari hajalala humu ndani.

Mtoto anacheza. Hilo ndilo kubwa.

Jumatano, 6 Machi
Ute mweupe. Mzito, umekatika mabongemabonge kama maziwa mgando. Haunuki vibaya. Unanuka kama togwa lililoanza kuchacha. Sijawahi kuona kitu hiki mwilini mwangu.

Nimefua kitambaa peke yangu nyuma ya choo, nikakianika chini ya kaniki Mama mkwe asikione. Hana kazi nyingine hapa Itigi ila kunitazama. Alikuja kutoka Ikungi mara tu aliposikia nina mimba tena.

Kukojoa kunauma.

Naogopa.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani. Mhubiri alisema habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi, akaponywa, akalazimika kusimama mbele ya umati aseme alichokuwa nacho. Zamani nilimwona mwenye bahati. Leo nimemhurumia. Mimi nisingesimama.

Benchi lilikuwa gumu. Nilikaa upande upande kama mtoto mtukutu.

Baada ya ibada wanawake walikuwa wakimsema mke wa mlinzi wa geti la reli. Mume alimletea kisonono kutoka kambini. Mtoto wao alizaliwa macho yakatoka usaha, sasa haoni. Walisema kwa sauti ya chini huku wakirekebisha khanga zao. Nami nikarekebisha yangu.

Njia nzima ya kurudi nilihesabu siku ambazo Elia amekaa kambini.

Alhamisi, 14 Machi
Nimefikiria kambi za reli. Kuna wanawake wanaokuja kuuza pombe ya uwele. Elia hanywi. Lakini ni mwanamume, na amekaa mbali, na mvua ilinyesha kila siku.

Nimemchukia mchana kutwa. Jioni nikasonga ugali, nikapika mlenda, nikakumbuka anavyoupenda, nikalia juu ya chungu.

Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa saba. Alikuwa mvulana. Hakuna aliyejua sababu. Walisema ni mapenzi ya Mungu na wakanipa uji. Sasa najiuliza kama ugonjwa ulikuwa huu huu, umelala ndani yangu wakati wote.

Jumamosi, 16 Machi
Nimejiosha kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto ya chumvi. Asubuhi, mchana, jioni. Niliuma upindo wa khanga nisipige kelele. Haikusaidia. Ngozi imechubuka, nyekundu.

Mama mkwe ameniona natembea nimeachanisha miguu. Aliniuliza kitu kwa Kinyaturu, haraka haraka. Nilielewa nusu yake. Nikajifanya sikuelewa hata hiyo nusu. Yeye alitaka Elia aoe kwao Ikungi. Mimi ni Mgogo wa Kintinku, binti wa katekista, nasoma na kuandika, na sina mtoto. Kwake yote manne ni makosa.

Jumanne, 19 Machi
Nimekwenda kwa Bwana Yoramu. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, jeshini wakati wa vita, sasa anachoma sindano sebuleni kwake. Nilimpelekea kuku.

Hakunitazama. Alisikiliza nilivyoeleza, kisha akauliza swali moja.

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko kazini, kambini."

Akacheka kidogo. "Basi hatuna haja ya kutafuta zaidi."

Dawa nyeupe kama maziwa. Iliingia pajani nzito, kama uji. Nirudi kila siku mpaka Jumapili. Nilimwambia nina mimba. Akasema ndiyo maana lazima tuwahi, kabla mtoto hajaharibika macho.

Kwa hiyo ni kweli. Elia ameniletea.

Ijumaa, 22 Machi
Sindano tena. Paja limevimba. Muwasho uko pale pale. Bwana Yoramu anasema dawa bado inapigana.

Mama mkwe haulizi ninakokwenda. Hilo linanitisha zaidi ya kuulizwa.

Jumatano, 27 Machi
Sindano ziliisha Jumapili. Leo ni vibaya kuliko siku zote. Ute umejaa. Ngozi imepasuka, inatoa damu nikijipangusa. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimelala ubavu na kitambaa chenye maji baridi katikati ya miguu, mlango nimeuegemeza gunia la mtama.

Kama dawa ya nguvu vile haikuweza, ni ugonjwa gani huu?

Mama mkwe alisukuma mlango na gunia lake. Aliona kitambaa. Akakishika kwa vidole viwili.

"Debora, hiki ni nini?"

"Sijui, Mama."

Alikitazama muda mrefu. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa hasira. Sikuuelewa. Kisha akasema, "Mwanangu hana ugonjwa," akakiweka chini, akatoka.

Ijumaa, 29 Machi
Elia amerudi kwa gari la abiria la mchana. Mwembamba, mweusi kwa jua. Ameniletea sabuni ya kunukia iliyofungwa kwa karatasi ya rangi. Alimwamkia mama yake, akacheka, akaweka mkono juu ya tumbo langu. Mtoto akampiga teke. Akacheka tena.

Sikungoja ale. Nilimwambia yote. Muwasho, ute, Bwana Yoramu, sindano.

Alibaki na buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Sasa umeambukizwa na nani?"

Aliuliza kama mtu asiyejua kweli. Nikasema, "Na wewe. Nani mwingine?"

Hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga.

Jumapili, 31 Machi
Hatukwenda kanisani. Elia ameapa mbele ya Biblia ya baba yangu kwamba hajagusa mwanamke huko njiani. Nilimwambia hata wezi huapa. Mama mkwe alikuwa uani akichambua karanga na kusikia kila neno.

Elia amesema kesho atapanda treni kurudi Tabora kwa daktari wa reli. Apimwe. Nimwone mwenyewe kama ni mwongo.

Nimesema aende.

Alhamisi, 4 Aprili
Amerudi. Wamempima, wametazama mkojo wake, wamemtoa damu. Hana kitu.

Nilijua kabla hajasema. Niliona alivyotembea kutoka stesheni, kichwa juu, haharakishi.

"Mimi sina," alisema. "Sasa niambie wewe umetoa wapi."

Siku zote hizi nilikuwa nikijifunza namna ya kumsamehe. Nilipanga hata maneno. Hili sikulipanga. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu, na yeye akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu.

Jumamosi, 6 Aprili
Analala sebuleni juu ya mkeka. Mama mkwe ndiye anayepika. Hataki niguse chungu.

Elia amesema atanirudisha Kintinku. Hajasema lini. Huenda kabla ya kujifungua. Akasema mtoto atajulikana ni wa nani akishazaliwa. Alisema akiwa ananipa mgongo.

Baba yangu ataketi kitini pake na hatauliza kitu. Mama ataniuliza usiku na mchana.

Nimepitia maisha yangu tangu tuoane kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Hakuna mwanamume. Hakuna hata mzaha na mwanamume. Najua hakuna. Lakini kila mtu ana hakika isipokuwa mimi, na leo asubuhi nilijikuta nauliza kama mtu anaweza kufanya jambo akalisahau. Nilishtuka. Nikanawa uso.

Mwezi wa saba umeingia. Tumbo linakaza, linaachia. Kila likikaza nakaa chini na kuhesabu pumzi, nasubiri damu.

Jumatatu, 8 Aprili
Mama Zuhura amekuja. Ni jirani wa kota ya pili, mumewe ni mpiga bendera wa stesheni. Alikuwa amefunga, mdomo mkavu, lakini alikaa nami mpaka jua likageuka. Ukuta wetu ni mmoja. Amesikia kila kitu tangu Elia aliporudi.

"Huyo Yoramu alikuangalia?"

"Hapana."

"Alichukua hata kitu akakipime?"

"Hapana."

"Basi alitibu habari za mumeo. Wewe bado hujatibiwa."

Anasema hospitali ya misheni iliyo mbele ya Manyoni ina daktari mwanamke wa Kizungu. Alimsaidia dada yake. Atanisindikiza. Nikamwambia umefunga, safari ni ngumu. Akasema Mungu anamjua mwenye safari.

Elia hakukataa. Aliweka pasi ya treni mezani, akaisukuma upande wangu kwa kidole, akaenda kazini.

Jumatano, 10 Aprili
Naandika nikiwa kitandani katika wodi ya wanawake. Treni mpaka Manyoni, kisha lori la chumvi. Likazama kwenye tope, tukashuka, wanaume wakakata matawi. Nilisimama kwenye mvua nikiwa nimebana miguu, nalia, na kwa kuwa ilikuwa mvua hakuna aliyejua. Mama Zuhura hakugusa maji mpaka jua lilipozama.

Nesi aliyenipokea ni Mgogo. Anaitwa Perisi. Aliposema "Mbukwa" niliitika haraka. Tangu Januari sijaamkiwa kwa lugha yangu.

Daktari alinitazama kwa taa. Hakuna aliyewahi. Nilifunika uso kwa mikono yote miwili. Perisi akanishika bega. Walichukua ute kwa pamba, wakaupaka kwenye kioo kidogo. Wakachukua damu. Mkojo wangu wakauchanganya na dawa ya buluu wakauchemsha kwenye bomba la kioo, kuona kama nina ugonjwa wa sukari. Nilisimama pale nikiutazama. Perisi alisema ukigeuka rangi ya kutu ni vibaya. Ulibaki buluu.

Mengine kesho. Wananiambia nilale. Watu wengine wana ujasiri wa kusema maneno kama hayo.

Alhamisi, 11 Aprili
Niandike yote ilivyosemwa, nisije nikaongeza wala kupunguza.

Perisi alikuja na Daktari. Perisi akakaa kitandani pangu. Akasema, "Debora, huna kisonono. Huna kaswende. Tumetazama vizuri, havipo."

Nikauliza basi nina nini.

Ni kuvu, akasema. Ndugu wa hamira. Daktari ameiona kwa darubini, imechipua vichipukizi vidogo. Wanawake wengi wanayo mwilini tangu zamani, kidogo tu, imenyamaza. Haina kelele na wala hawajui kama ipo. Nikauliza kwa nini yangu imepiga kelele.

"Kwa sababu ya mimba."

Sikuamini. Nilidhani ananihurumia. Akaona, akaanza upya kwa Kigogo, polepole. Mwanamke akishika mimba mwili hutengeneza kwa wingi kitu cha kumlea mtoto. Daktari alitaja neno la Kiingereza, homoni. Hiyo homoni ndiyo inayokuza matiti, ndiyo inayolaza tumbo la uzazi litulie. Na ndiyo inayoijaza ngozi ya huko chini chakula chenye sukari ndani yake. "Ukiweka hamira kwenye unga mkavu, inakaa tu," Perisi alisema. "Itie maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Wewe mwenyewe mpishi, unajua kitakachotokea."

Nikauliza mbona mwili hauifukuzi. Mwili hufukuza homa, hufukuza mafua.

Hapo Daktari alijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Alisema mwili una askari. Lakini mtoto ni nusu yako na nusu ya baba yake, kwa hiyo kwa askari yeye ni mgeni. Wataalamu wengine wanadhani kwamba mama mjamzito hulegeza askari wake kidogo wasije wakampiga mgeni huyu. Na askari wakilegea, hamira nayo hupata nafasi. Akasema hilo bado wanalitafuta, hawajalijua lote. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Sindano za Bwana Yoramu ndizo zilizoharibu zaidi. Kuna vijidudu vizuri vinavyokaa huko na kuizuia hamira isitambae. Dawa ile iliviua. Hamira haifi kwa dawa ile. Ikabaki na shamba zima peke yake. Na sabuni na chumvi vikafungua ngozi.

"Kwa hiyo nani aliniletea?"

"Hakuna aliyekuletea."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nikauliza kuhusu mtoto. Mara nyingi haimdhuru. Huenda akapata utando mweupe mdomoni akizaliwa, nimlete wampake dawa. Nikauliza kuhusu yule wa kwanza. Daktari akanigeukia mwenyewe. Akasema hadhani, lakini hawezi kujua, na hatanidanganya.

Wamenipaka dawa ya zambarau, nzito kama wino. Iliuma kama moto, kisha ikapoa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita nimelala mchana.

Jumamosi, 13 Aprili
Nyumbani. Niliwaeleza wote wawili sebuleni, nimesimama kama mtoto anayesoma somo. Elia alisikiliza akitazama sakafu. Nilipomaliza akasema, "Wanawake wa hospitali hulindana."

Niliona kuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimechoka hata hasira haikuja. Nikaanza kwenda chumbani kufunga nguo zangu, nimpunguzie kazi ya kunirudisha.

Mama mkwe akasema, "Kaa chini."

Nilidhani ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia mwanawe, aliyekuwa anataka kutoka. Elia akakaa.

Alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie, na Kiswahili chake si kingi, kwa hiyo alikwenda taratibu. Alipokuwa na mimba ya Elia aliwashwa hivi hivi. Ute huu huu, mweupe, wa kukatika. Alijificha porini kujikuna. Mumewe alipojua alisema ameupata kwa wanaume wengine, akamrudisha kwa baba yake. Elia alizaliwa huko, nyumbani kwa babu yake, na baba yake hakuja kumtazama mpaka alipokuwa anatambaa na watu wamemwambia mtoto amefanana naye masikio.

"Uliambiwa ulizaliwa kwa babu kwa sababu ya njaa," alimwambia. "Haikuwa njaa."

Elia akainua macho kutoka sakafuni.

"Siku ile nilikiona kile kitambaa nikakijua," alisema. "Nikanyamaza. Miaka yote hii na mimi nilidhani pengine nilikosea mahali, kwamba mwili wangu ulikuwa mchafu. Nikasema na huyu naye ni mchafu. Leo nasikia kumbe ni mimba."

Akamtazama mwanawe. Kisha akamwambia, "Wewe ndiye uliyeniwasha. Nikulaani?"

Akainuka akaenda jikoni. Tulimsikia akivunja kuni.

Elia alikaa vile vile muda mrefu. Kisha akatoka.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili
Muwasho umepungua sana. Nimekaa kwenye benchi la kanisa ibada yote. Nguo zangu za ndani zote ni zambarau na mashuka pia. Mama mkwe anayafua, hataki nimsaidie, na safari hii anayaanika mbele ya nyumba, kila mtu aone.

Elia amehamisha mkeka. Analala chumbani, lakini chini, upande wa mlango. Sikumwita juu. Hakuomba.

Tumbo bado linakaza nyakati za jioni. Bado nasubiri damu. Dawa haikutibu hilo.

Alhamisi, 2 Mei
Muwasho umerudi tangu jana. Kidogo, lakini nimeutambua mara moja kama mtu anavyotambua sauti ya mgomvi wake. Nimetetemeka mpaka meno yakagongana.

Perisi alinionya. Alisema huenda ukarudi kabla ya kujifungua, maana mimba bado ipo na homoni inaongezeka tu. Nilijua. Lakini kujua na kutetemeka vinakaa nyumba moja.

Nilimwambia Elia mwenyewe, kabla hajagundua. Nilimtazama usoni nione kama ataanza tena. Aliuliza kama ile chupa ya dawa ingali na kitu. Ilikuwa tupu. Akachukua baiskeli ya mpiga bendera, akapitia mvua mpaka Manyoni, sijui alifikaje huko hospitali. Alirudi kesho yake, yaani leo, tope mpaka kifuani, na chupa ndani ya shati. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau. Kizibo kilikuwa kinavuja.

Aliniambia Daktari alimtania kwamba yeye ndiye mwanamume wa kwanza kuja kuichukua dawa ile mwenyewe. Hakuwa anacheka alipoeleza.

Alhamisi, 23 Mei
Mwezi wa saba ulipita. Wa nane umepita. Sijathubutu kuandika hilo mpaka leo.

Elia ameomba likizo. Jumatatu ananipeleka hospitali nikae huko mpaka siku zifike. Mama mkwe amesema naye anakuja. Atapika nje ya wodi pamoja na akina mama wengine. Nikasema Mama, utachoka. Akasema amechoka tangu zamani.

Jumanne, 11 Juni
Msichana.

Analia kwa nguvu. Ana nywele nyingi. Perisi alimtia dawa machoni mara alipozaliwa, kama wanavyowatia watoto wote hapa, kisha akaniinulia nimwone. Alinitazama. Najua watoto wachanga hawaoni vizuri. Alinitazama.

Niliomba wamfungue kinywa. Ulimi wake ni wa pinki, safi.

Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Jumapili, 23 Juni
Itigi. Upepo wa baridi tangu asubuhi. Hakuna treni saa hizi na stesheni imenyamaza.

Mama mkwe anaondoka kesho kurudi Ikungi kuvuna uwele. Amemwogesha mtoto, akampaka mafuta ya karanga, akampa jina la kwao la Kinyaturu juu ya lile la ubatizo. Sijalizoea kulitamka. Alinirekebisha mpaka nikalisema sawasawa, na mtoto akalala katikati ya somo.

Mama Zuhura ameleta ndizi na kukaa kidogo.

Baada ya chakula cha mchana Elia alikaa karibu yangu kitandani. Alikuwa na maneno, niliyaona yanavyomsumbua shingoni. Mwishowe akasema, "Nisamehe, Debora. Nilikuona mbaya."

Sikumwambia nimesamehe. Sijui kama nimesamehe. Kuna siku naamka na kitu kimekwisha kabisa, na kuna siku nauona mgongo wake pale alipokuwa akisema mtoto atajulikana ni wa nani. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia nimekusikia.

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama anaweza kumbeba mtoto. Nikampa.

Sasa amelala naye kifuani, wote wawili midomo wazi. Nimemfunika mtoto miguu. Kisha nikamfunika na yeye.